Kengele ya Mwisho wa Mstari

Jumatano kesi huwa chache, na mvua ya Tukuyu
haijui kupumzika. Nikaifunika mashine kwa nailoni,
nikavuka barabara hadi bandani kwa Ambakisye,
mia tano mlangoni, benchi la nyuma, koti limelowa.

Tamthilia ya anga, sehemu ya nane.
Meli inaelea kati ya nyota, watu wamevaa nguo za kubana
kama wamechovywa kwenye rangi,
na sauti ya mtafsiri inaruka mbele ya kila neno:
"Hapa steringi kachanganyikiwa. Mitambo yote imezima.
Imebaki hii moja tu, ya siri, ya mwaka elfu tatu."

Mlango wa chuma ukafunguka. Moshi. Taa nyekundu.
Banda zima likanyamaza, hata muuza karanga.

Nami nikaiona.
Wameipaka rangi ya fedha, wameibandika vitaa,
nyaya zinaingia ubavuni na hazitokei popote,
lakini jamani, mabega yale ninayajua.
Vile vifungo, ngazi nne,
kama matuta ya viazi mteremkoni.
Steringi akaigusa kwa vidole viwili,
tak, tak-tak, tak,
na mwisho wa mstari kengele ikalia: ting.

"Taipu!" nikasema. Sikukusudia kwa sauti.
"Hiyo ni taipu, kama yangu!"
Vijana wakageuka. Mmoja, mtoto wa Gwamaka fundi viatu,
akasema, "Mama Bupe, tulia. Hayo ni mambo ya mbele."

Ya mbele!
Yangu niliinunua kwenye mnada wa chama cha ushirika
kilipokufa na madeni ya wakulima wa kahawa,
herufi zote nzima isipokuwa moja: r,
haishuki mpaka uibembeleze. Nikiwa na haraka naweka l.
Hakimu mmoja alisoma "balabala ya Kiwila",
akavua miwani, akanitazama:
"Kumbe hata mashine yako ni Mnyakyusa."

Nikatulia. Nikatazama kwa jicho la kazi.
Kengele imelia, naye hakurudisha rola mwanzo wa mstari.
Anaendelea kupiga palepale, herufi juu ya herufi,
huku mtafsiri anapiga kelele, meli inageuka,
maadui wanapasuka kama bisi.
Watu wakashangilia, benchi likatikisika.
Mimi nilikuwa bado kwenye mashine:
hakuna karatasi.

Ujumbe wa kuiokoa dunia
ameuandika kwenye rola tupu.

Alhamisi ukungu ulishuka hadi ngazi za mahakama.
Mteja wa kwanza, Atupakisye wa Masoko,
kiatu kimoja kina tope kuliko kingine.
Shemeji yake kang'oa miti ya mpaka
kabla arobaini haijaisha. Anataka barua, nakala tatu.

Nikapanga kaboni. Kabla ya kuingiza karatasi
nikaigeuza rola kwenye mwanga, jambo ambalo
kwa miaka kumi na tisa sijawahi kulifanya.
Nyeusi, ngumu kama kwato, imejaa vishimo
vidogo kuliko mbegu za mchicha:
waliodai ng'ombe, waliokana watoto,
walioapa kwamba walikuwepo, walioapa kwamba hawakuwepo,
kila jina lililopigwa kwa nguvu likapenya karatasi
na kumlalia mwenzake. Hayasomeki.
Ila kidole kinayasikia.

"Unatafuta nini humo?" Atupakisye akauliza.
Nikaingiza karatasi, nikainyoosha.
"Taja jina la marehemu," nikamwambia. "Polepole."

Lilikuwa na r mbili.
Nikazibembeleza zote mbili.